Dunia Yetu Machoni pa Vyombo Visivyo na Mtu: Sigino Huonekana hadi Umbali Gani?

Tarehe 23 Agosti 1966, ilipotimia saa 1 na dakika 35 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, jua lilikuwa limekwisha kutua Sigino, mahali ambapo leo ni kata ya Mji wa Babati, mkoani Manyara. Wakati huo huo chombo cha Marekani kisicho na mtu, Lunar Orbiter 1, kilikuwa kikiuzunguka Mwezi. Kazi yake hasa ilikuwa kupiga picha za uso wa Mwezi ili kutafuta mahali ambapo wanaanga wangeweza kutua. Siku hiyo kilielekezwa upande wa nyumbani, kikapiga picha ya kwanza ya Dunia kupata kupigwa kutoka jirani na Mwezi.

Namna picha hiyo ilivyofika duniani yastahili kutajwa, maana wanafunzi wa leo, waliozoea kutumiana picha kwa simu, huenda wasiamini. Chombo kilibeba filamu halisi. Filamu ilisafishwa humo humo chomboni kwa dawa, kisha mwali mwembamba wa mwanga ukapitishwa juu yake mstari baada ya mstari, na weusi na weupe wa kila mstari ukageuzwa kuwa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo yalipokelewa kwenye kituo cha Robledo, karibu na Madrid, nchini Hispania, nako picha ikaunganishwa upya.

Dunia ilionekana kama mwezi mwandamo. Sehemu moja iling'aa. Sehemu nyingine, kuanzia Istanbul hadi Cape Town na nchi zote zilizo mashariki ya hapo, ilikuwa ndani ya usiku. Sigino basi ilikuwa upande uleule ulioelekea kamera, lakini hakuna aliyeweza kuiona. Hapa ndipo somo hili linapoanzia. Watu husema kwa wepesi kwamba setilaiti "inaona kila kitu". Yafaa mwanafunzi aulize kwanza: kitu kuonekana maana yake nini, na mwenye kukiona amejua nini juu yake?

Pembetatu ya kidoa

Picha zinazoletwa na vyombo vya angani vya siku hizi hazina filamu. Kila picha ni jedwali la vidoa vidogo vya mraba, viitwavyo pia pikseli, na kila kidoa ni namba inayoeleza kiasi cha mwanga uliofika kwenye kamera kutoka kipande kimoja cha ardhi. Ndani ya kidoa hakuna umbo. Kama kipande hicho kina nyumba, mti na njia, mwanga wa vyote vitatu hujumlishwa ukawa namba moja.

Na ichukuliwe setilaiti Landsat 8, iliyorushwa mwaka 2013. Huizunguka Dunia katika kimo cha kilometa 705, na kwa rangi nyingi inazopima, kidoa chake kimoja huchukua mita 30 kwa mita 30 za ardhi. Kamera, kimo na upana wa kidoa hufanya pembetatu ndefu na nyembamba mno. Mwanafunzi aliyekwisha kujifunza pembetatu zinazofanana anajua kwamba urefu ukiongezeka mara mbili, kitako nacho huongezeka mara mbili. Kwa kanuni hii peke yake anaweza kuichukua kamera hiyo, katika mawazo yake, na kuipeleka popote.

Aipeleke kwenye Mwezi, ulio umbali wa wastani wa kilometa 384,400. Atazidisha mita 30 kwa 384,400, kisha atagawanya kwa 705. Jibu ni mita zipatazo 16,400, yaani kilometa 16 na zaidi kidogo kwa kila upande wa kidoa. Mashamba ya Sigino, maduka ya Babati, stendi ya mabasi na Ziwa Babati pamoja na viboko wake vyaweza kuingia vyote katika kidoa kimoja au viwili. Ziwa Manyara, ambalo ni refu, lingebaki na vidoa vichache.

Safari hii ya mawazo imekwisha kufanywa kwa chombo halisi. Mwaka 2015 Marekani ilirusha chombo DSCOVR, kikawekwa mahali ambapo mvutano wa Jua na wa Dunia hukiwezesha kwenda sambamba na Dunia, umbali wa kilometa zipatazo milioni 1.5 kuelekea Jua. Kwa kuwa kilikaa upande wa Jua, daima kiliiona Dunia ikiwa na mchana mtupu. Kamera yake, EPIC, ilikuwa na darubini kali kuliko macho ya Landsat. Hata hivyo haikuweza kupambanua vitu vilivyo karibukaribu kuliko kilometa 10 hadi 15. Katika picha zake Afrika huonekana kwa uzuri wa ajabu, Ziwa Viktoria likiwa doa jeusi lisilokosewa, na mawingu yakielea juu ya Bahari ya Hindi. Babati imo humo. Wa kuionyesha kwa kidole hayupo.

Kupotea kabisa

Vyombo vilivyokwenda mbali zaidi vimeipunguza Dunia hatua kwa hatua. Tarehe 18 Septemba 1977 Voyager 1, kikiwa umbali wa kilometa milioni 11 na zaidi, kiliiweka Dunia na Mwezi wake katika picha moja, jambo ambalo halikuwa limefanywa na chombo chochote. Mwaka 2004 gari lisilo na dereva liitwalo Spirit liliipiga picha Dunia kutoka kwenye uso wa sayari ya Mirihi, ikaonekana kama nyota ya alfajiri. Tarehe 19 Julai 2013 Cassini kiliipiga picha kutoka upande wa pili wa pete za Zohali, umbali wa kilometa bilioni 1.44.

Lakini picha inayokumbukwa kuliko zote ni ile ya tarehe 14 Februari 1990. Voyager 1 kilikuwa umbali wa kilometa zipatazo bilioni 6, kimekwisha kumaliza kazi yake kwenye sayari. Mwanasayansi Carl Sagan alikuwa ameshauri kwa miaka kadhaa kwamba kabla kamera hazijazimwa kigeuzwe kitazame kilikotoka. Wapo waliouliza faida yake, na kwa hakika faida ya vipimo ilikuwa ndogo. Chombo kilipiga picha 60. Katika mojawapo Dunia haikujaza hata kidoa kimoja. Ilikuwa kama sehemu 0.12 tu ya kidoa, katika jedwali lenye vidoa 640,000. Muda usiofika saa moja baadaye kamera zilizimwa.

Kuna hesabu ndogo hapa ambayo walimu wa fizikia wataipenda. Picha hiyo ilipigwa saa 4 na dakika 48 za Greenwich, ambazo kwa Babati ni saa 1 na dakika 48 asubuhi. Mwanga hupita kilometa 300,000 kila sekunde. Kilometa bilioni 6 zikigawanywa kwa namba hiyo hupatikana sekunde 20,000, yaani saa tano na dakika thelathini na tatu. Kwa hiyo mwanga ulioingia katika kamera asubuhi ile ulikuwa umeondoka duniani kabla ya hapo, ilipokuwa Babati saa 8 na robo usiku. Kwa mara ya pili, basi, Sigino ilikuwa gizani wakati Dunia inapigwa picha ya kukumbukwa.

Kama umbo lingekuwa ndiyo njia pekee ya kujua, somo lingekoma hapo: ukiwa mbali, hujui kitu. Sivyo. Mwaka huo huo wa 1990, tarehe 8 Desemba, chombo Galileo kilichokuwa safarini kwenda Mshtarii kilipita karibu na Dunia, kwa kimo cha kilometa 960, ili mvutano wa Dunia ukiongezee mwendo. Sagan na wenzake waliitumia nafasi hiyo kwa jaribio la namna ya pekee. Walijiuliza: kama chombo hiki kingekuwa kimetoka kwa wageni wasiojua lolote juu ya Dunia, je, vipimo vyake vingewatosha kusema kwamba hapa pana viumbe hai?

Majibu yao yalichapishwa mwaka 1993. Picha hazikusaidia sana. Zile zilizo kali zaidi zilionyesha hasa Australia na Antaktika, wala ndani yake haikuonekana alama ya wazi ya kazi ya mikono ya watu. Yaliyosema kwa sauti ni mambo mengine. Hewa ilikuwa na oksijeni nyingi pamoja na methani, gesi mbili ambazo zikiachwa pamoja hulana, hivyo lazima kuwe na kitu kinachozitengeneza upya kila siku. Palikuwa na mawimbi ya redio yenye mpangilio usio wa asili. Tena, mwanga uliorudi kutoka nchi kavu ulipungua ghafla katika rangi nyekundu, dalili ya kitu kinachoila rangi hiyo. Kitu hicho kila mkulima wa Sigino anacho shambani: ni ukijani wa majani, yaani klorofili.

Rangi ambayo jicho haliioni

Jani la mhindi hunyonya mwanga mwekundu kwa ajili ya kujitengenezea chakula. Lakini mwanga ulio nje kidogo ya wekundu, uitwao infraredi, ambao jicho la binadamu haliwezi kuuona, jani halina haja nao. Hurudisha sehemu yake kubwa. Udongo mtupu haufanyi tofauti kubwa namna hiyo. Kwa sababu hiyo setilaiti hupima rangi zote mbili, na wataalamu huchukua tofauti yake na kuigawanya kwa jumla yake. Namba inayopatikana huitwa kielezo cha uoto.

Kwa mfano wa darasani, jani bichi lirudishe 0.45 ya mwanga wa infraredi na 0.05 ya mwanga mwekundu. Tofauti ni 0.40, jumla ni 0.50, na kielezo ni 0.8. Udongo mkavu urudishe 0.30 na 0.20: kielezo chake ni 0.2. Sasa kidoa kiwe na nusu majani na nusu udongo. Kamera itapokea wastani, yaani 0.375 na 0.125, na kielezo kitakuwa 0.5 kamili.

Namba hiyo 0.5 ndiyo inayopaswa kumtia mtu wasiwasi. Huenda ni nusu shamba lenye mahindi mazuri na nusu nyingine imelimwa tu. Huenda ni shamba zima lililopandwa kwa nafasi kubwa. Au pengine ni shamba zima ambalo mahindi yake yamenyauka kwa ukame na wenyewe wanahitaji msaada wa chakula. Setilaiti imesema kweli katika hali zote tatu, wala haiwezi kuzitofautisha kwa kidoa kimoja cha siku moja.

Katika nchi ya Babati jambo hili si la vitabuni tu. Eka moja ni mita za mraba zipatazo 4,047, na kidoa cha Landsat 8 ni mita za mraba 900. Hivyo eka moja hupata vidoa vinne na nusu. Wakulima wengi huchanganya mahindi na mbaazi katika shamba moja. Mahindi yakisha kukauka na kuvunwa, mbaazi bado huwa mbichi kwa miezi kadhaa. Anayekaa ofisini mbali na kuhesabu mavuno kwa kielezo peke yake ataona ukijani na kudhani ni mahindi yaliyochelewa, au ataona udongo wa shamba lililovunwa na kuliandika kuwa ardhi iliyokufa.

Kosa la majira ni baya zaidi, kwa kuwa huvaa mavazi ya utafiti. Landsat ya kwanza ilirushwa tarehe 23 Julai 1972. Vidoa vyake vilikuwa vya mita 80 hivi, kila kimoja kikimeza zaidi ya eka moja na nusu. Mwaka uliofuata, 1973, ulianza Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ambao mwaka 1979 uliondoa mifugo katika sehemu za Kondoa, kusini mwa Babati, zilizokuwa zimechimbwa mno na makorongo. Setilaiti za aina hiyo zimekuwapo angani katika muda wote wa historia hiyo, na tangu mwaka 2008 picha zake hutolewa bila malipo. Ni hazina kubwa kwa mtu anayetaka kujua kama ardhi imepona. Lakini atakayelinganisha picha ya Aprili ya mwaka mmoja na picha ya Septemba ya mwaka mwingine atatangaza jangwa lisilokuwapo, au atasifu uponyaji ambao ni mvua za masika tu.

Mlima Hanang

Upande wa kusini-magharibi wa Babati unasimama Mlima Hanang, wenye kimo cha mita zipatazo 3,420. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa za msimu wa El Niño, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka mlimani hadi Katesh na Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Wataalamu wa serikali walieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji mpaka ikameguka.

Mawingu yalipoachana, picha za setilaiti zilionyesha wazi michirizi ya rangi ya udongo ikishuka kutoka juu ya mlima hadi kwenye makazi. Ndipo watu wengi walipouliza, na swali lao lilikuwa la haki: kama vyombo hivi hupita juu yetu kila mara, kwa nini havikuonya?

Jibu limo katika yaliyotangulia. Kamera hupima mwanga uliorudishwa na uso wa juu. Mlima wenye msitu hurudisha mwanga wa majani, na kielezo chake huwa cha juu, hata kama chini ya mizizi mwamba umeoza na kulowa. Siku za hatari nazo ndizo siku za mawingu, na mwanga wa kawaida haupenyi mawingu. Zipo setilaiti za rada, kama Sentinel-1 ya Ulaya, ambayo ya kwanza yake ilirushwa mwaka 2014. Hizi hupeleka mawimbi yake zenyewe, nayo hupita mawinguni usiku na mchana. Zikipita mara kwa mara zaweza hata kutambua ardhi inayosogea polepole, ingawa majani mengi huivuruga kazi hiyo. Setilaiti za hali ya hewa nazo huonyesha mvua inayokuja. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kutoboa mlima na kusema mwamba huu utashika au hautashika. Hiyo ni kazi ya mwanajiolojia anayepanda kwa miguu, pamoja na mwenyeji anayejua ni kijito gani kimebadilika rangi.

Nchi za Afrika Mashariki zenyewe zimeanza kuwa na macho yao huko juu. Uganda ilipata PearlAfricaSat-1 mwaka 2022, na Kenya ikarusha Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023. Tangu zamani pwani ya Malindi ilikuwa na jukwaa la San Marco, ambako tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Hiyo haikutazama Dunia bali mionzi ya eksi itokayo kwenye nyota.

Zoezi la shambani

Shule yoyote iliyo karibu na Sigino, au penginepo, yaweza kufanya kazi ambayo chombo cha angani hakiwezi. Ichaguliwe sehemu ya shamba yenye mimea ya namna moja, isiyopungua mita 90 kwa kila upande, yaani kama eka mbili, ili kidoa cha setilaiti kisiangukie mpakani. Katikati yake upimwe mraba wa mita 30 kwa kamba. Pembe mraba ipatikane kwa kamba yenye mafundo kumi na mawili yaliyo sawa, ikivutwa iwe pembetatu ya tatu, nne na tano. Ulalo wa mraba mzima utoke mita 42.4, na usipotoka hivyo kazi irudiwe.

Kisha wanafunzi watembee polepole kufuata ulalo mmoja hadi mwisho, halafu wa pili. Katika kila hatua kila mmoja atazame kitu kilicho mbele ya ncha ya kiatu chake, aandike: jani bichi, jani kavu, udongo, au jiwe. Hatua za majani mabichi zikigawanywa kwa hatua zote, limepatikana fungu la kidoa lililofunikwa na uoto. Waandike pia jina la zao, tarehe, siku zilizopita tangu mvua ya mwisho, na lini palizi ilifanyika. Landsat 8 na Landsat 9 kwa pamoja hupita juu ya mahali pale pale kila baada ya siku nane, mnamo saa 4 asubuhi kwa majira ya jua, na namba za kidoa hicho zaweza kutafutwa baadaye kwa kompyuta ya shule na kulinganishwa na daftari. Ikiwa saa hiyo mbingu zilikuwa zimefunikwa na mawingu, waipime sehemu ile ile tena baada ya siku nane, kwa kamba ile ile.